Kalamu Isiidharau Nyundo

Katika nchi yetu kuna uongo mmoja uliozeeka hata ukaheshimiwa kama kweli. Uongo huo husema kwamba watu ni wa namna mbili: wenye vichwa na wenye mikono. Wenye vichwa wapelekwe shuleni, wapewe kalamu na viti. Wenye mikono wapelekwe karakanani, wapewe nyundo na masizi. Mzazi humrithisha mwana uongo huu, mwalimu humthibitishia mwanafunzi, na mwanafunzi akishakuwa mkubwa huwatungia wengine sheria kwa kuufuata. Nia yangu katika insha hii ni kuupiga vita, na silaha yangu ni chuma. Maana sijaona kitu kinachouumbua uongo huo upesi kuliko chuma.

Wazee wa pwani wana methali isemayo: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Aghalabu methali hii hutumiwa kuonyesha kwamba mtoto hufuata kazi ya mzazi wake. Lakini ina maana nyingine iliyo kali zaidi. Katika banda la mhunzi hapana mtazamaji. Asiyeshika nyundo hushika mivukuto, na asiyeweza lolote katika hayo mawili hutoka nje ili asiwazibie wenzake mwanga. Sisi tumebuni mtu wa tatu ambaye wazee hawakumjua. Mtu huyo hasani wala havukuti. Huandika maelezo juu ya mivukuto, hupewa alama kwa maelezo hayo, kisha hupita mbele ya banda ameziba pua.

Mtu huyo nilikuwa mimi, nami sioni haya kukiri.

Nilisoma katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja jina. Shule hiyo ilikuwa na karakana nzuri ya matofali, nayo ilikuwa imefungwa kufuli. Kwa miaka minne niliipita kila asubuhi nikienda darasani, na kwa dirisha lake niliona majiliwa sita juu ya meza, yameshika kutu, yamefumba vinywa kama watu waliokatazwa kusema. Tulipouliza sababu tuliambiwa kwamba vifaa vile ni vya thamani, visije vikaharibiwa na wanafunzi. Basi vikatunzwa mpaka vikaharibika vyenyewe. Darasani, lakini, tulifundishwa habari za madini. Nilijua kwa ghibu kwamba chuma huyeyuka kwa joto la nyuzi 1538. Kwamba feleji, iitwayo pia chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Na kwamba feleji ikitiwa moto, kisha ikazimwa ghafula majini, huwa ngumu. Hayo yote niliyaandika katika mtihani, nikafaulu vyema sana.

Baada ya mtihani nilikwenda kumwamkia mjomba wangu, aliyekuwa mhunzi karibu na mto Sabaki. Kazi yake ilikuwa kufua majembe, visu, na misumari ya majahazi.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia.

"Marahaba, mjomba. Nasikia umemaliza masomo. Je, mlisomeshwa habari za chuma?"

"Tulisomeshwa, mjomba, tena sana."

"Alhamdulillahi. Basi nitilie makali tindo hili, nina kazi nalo leo."

Nikalichukua tindo nikalitia motoni, nikamwamuru mtoto wake avukute kwa nguvu, kwa kuwa nilidhani kwamba moto ukizidi na wema wa kazi huzidi. Lilipokuwa jeupe, linatoa cheche, nikalitoa kwa koleo nikalizamisha katika ndoo ya maji. Maji yakapiga kelele, nami nikatabasamu. Mjomba akaliweka juu ya kipande cha chuma akalipiga nyundo, pigo moja tu. Ncha ikavunjika kama chupa. Kipande kikaruka, kikapita karibu na sikio la mtoto yule, kikajikita katika nguzo ya banda. Sote tukanyamaza. Mtoto akajipapasa shavu kama anayejiuliza kama bado lipo. Kisha mjomba akaniuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi:

"Mjomba, ulipolitoa motoni lilikuwa na rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba feleji hutiwa moto. Sikujua kwamba moto husomwa.

Siku ile mjomba alinisomesha katika saa moja jambo ambalo miaka minne haikunipa. Alilifua tindo upya, akalitia motoni, akalitoa lilipokuwa na wekundu wa jua linalotua. Hakuliacha lifike weupe. Akalizima majini. Lakini hakulitumia bado. Alilisugua kwa jiwe mpaka likang'aa, akalirudisha karibu na moto wa polepole, akaniambia nitazame. Nikaona rangi zikitambaa juu ya chuma kuelekea kwenye ncha: kwanza ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Zambarau ilipofika penye makali, akalizima tena. Tindo lile lilikata chuma kingine siku nzima lisipate hata pengo.

Huenda msomaji akadhani kwamba nimesimulia hayo ili niwasifu wahunzi na kuwacheka wasomi. Sivyo, kwani hadithi haikuishia hapo. Juma lililofuata mjomba alinunua mjini kipande kirefu cha chuma kwa bei nzuri, akataka kukifanya patasi. Alikitia moto akakizima mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mara tupa ilikikwangua kama iliyokwangua muhogo. Akakasirika, akasema kwamba chuma kile kimekufa na muuzaji ni mwizi. Hapo mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Chuma kile kilikuwa cha namna itumiwayo kutengenezea vyuma vya madirisha, na kaboni iliyomo haifiki hata theluthi moja ya sehemu moja katika sehemu mia. Chuma cha namna hiyo ukizime mara kumi, hakigeuki feleji. Mjomba alistaajabu. Kisha akaniuliza swali la pili lililonifunga kinywa: "Sasa mjomba, nikienda dukani nitakijuaje kabla sijatoa fedha yangu?" Hilo nalo sikulijua.

Basi tazama jinsi tulivyokuwa. Yeye alikuwa na mkono unaojua na sababu asizozijua. Mimi nilikuwa na sababu ninazozijua na mkono usiojua kitu. Nusu ya elimu ilikuwa kwake, nusu ilikuwa kwangu, na katikati yetu palikuwa na mlango uliofungwa kufuli. Mkono wangu ulikuwa karibu kumtoa mtoto jicho. Ujinga wake ulimtoa fedha na siku ya kazi. Nani kati yetu alikuwa mwenye kichwa, na nani mwenye mikono? Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa vilema, na aliyetutia kilema ni yule aliyezitenga nusu mbili zilizoumbwa ziwe kitu kimoja.

Hebu nieleze kwa ufupi elimu yenyewe, ili asiwepo atakayesema kwamba natetea jambo lisilo na kina.

Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Hutoka katika mtapo, yaani mawe au mchanga mzito ambamo chuma kimefungamana na oksijeni. Makaa katika tanuri hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hutoa joto, na hutoa hewa yenye kaboni ambayo huipokonya mtapo oksijeni yake. Katika matanuri ya kale chuma hakikuyeyuka kikawa maji. Takataka za mawe ndizo zilizoyeyuka zikatiririka, nazo huitwa mavi ya chuma. Chuma kikabaki bonge lenye matundu kama sifongo, likafuliwa kwa nyundo mpaka likashikamana. Kiasi cha kaboni kilichoingia ndicho kilichoamua tabia ya chuma. Kikiwa kidogo sana, chuma ni laini na hupindika. Kikiwa kati ya nusu sehemu na sehemu moja na nusu katika mia, ni feleji iwezayo kushika makali. Kikizidi sehemu mbili katika mia, ni chuma cha kusubu, ambacho humiminwa vizuri katika kalibu lakini huvunjika kikipigwa.

Na kwa nini kukizima majini hukipa ugumu? Ndani ya chuma chembe zake zimejipanga kwa taratibu kama askari katika gwaride. Feleji ikipita joto la nyuzi 727 askari hao huanza kubadili mpango wao, na mpango mpya una nafasi ya kuikaribisha kaboni. Ikiachwa ipoe polepole, kaboni hupata muda wa kutoka, na feleji hurudia ulaini wake. Ikizimwa ghafula, kaboni hukamatwa kabla haijatoka, nayo ikibanwa hivyo huwazuia askari wasisogee. Ugumu ni huko kutosogea. Lakini kitu kisichosogea hata kidogo huvunjika kinapopigwa. Ndiyo sababu mjomba alilirudisha tindo kwenye moto wa polepole, wa nyuzi 200 hadi 300, ili aipe kaboni ruhusa ndogo ya kujinyosha. Rangi alizozitazama zilikuwa kipimajoto chake. Na rangi nyekundu ya jua linalotua iko karibu na joto ambalo sumaku huacha kukivuta chuma, yaani nyuzi 770. Mimi nilipolifikisha tindo kwenye weupe niliziunguza na kuzikuza chembe zake, likawa halina msaada tena.

Ewe mwanafunzi, je, hiyo ni kazi ya wasio na akili? Sayansi ya madini, hisabati ya vipimo, na ustadi wa jicho zimekutana hapo katika ncha ya tindo moja.

Labda utaniambia kwamba elimu hii ni ya wageni, na kwamba sisi hatukuzaliwa nayo. Huo ni uongo wa pili, mtoto wa ule wa kwanza. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na wa Mombasa walichimba chuma. Huko Galu, katika pwani ya kusini, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mabaki ya matanuri na mavi ya chuma. Wahunzi wa Samia, karibu na Ziwa Victoria, walifua majembe yaliyouzwa mbali na vilima vyao. Huko Murang'a mchanga wenye chuma uliteuliwa katika mito, ukageuzwa mikuki na sime. Na ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wahaya, wazee waliokumbuka kazi ya zamani walijenga tanuri upya mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari zake. Walisema kwamba matanuri ya kale yaliyochimbuliwa huko yana umri wa miaka 1500 hadi 2000, na kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya kiasi cha joto kilichopatikana. Lakini hapana abishaye kwamba watu wale walifanya chuma chema kwa udongo, makaa na akili zao wenyewe.

Basi dharau ilitoka wapi? Ilitoka katika visima viwili, na ni haki tuvitaje vyote viwili.

Kisima cha kwanza ni chetu wenyewe. Katika jamii kadha wa kadha mhunzi alihitajiwa na kila mtu lakini hakupendwa na kila mtu. Wamasai walipata mikuki yao kwa Il Kunono, kisha wakakataa kuoana nao. Wakikuyu waliogopa laana ya mhunzi kuliko laana nyingi nyingine. Mtu aliyegeuza jiwe kuwa jembe alionekana kama mwenye siri mbaya. Hayo yalikuwa makosa ya kutojua, na aliye na elimu leo hana udhuru wa kuyarithi.

Kisima cha pili kilichimbwa na ukoloni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe katika kilimo na kazi za mikono. Ushauri wa namna hii uliwapendeza walowezi wengi, kwa kuwa waliona ndani yake njia ya kupata mafundi wa bei rahisi wasioweza kuwasomea mikataba. Wazee wetu waliitambua hila. Walikataa nyundo iliyotolewa ili kuwanyima kalamu, wakadai kusoma, na wengine wakajenga shule zao wenyewe. Walikuwa na haki, nami nawaheshimu. Lakini tusiwasingizie. Hawakusema kwamba nyundo ni aibu. Walisema kwamba nyundo peke yake ni utumwa. Sisi tumelichukua jambo walilokataa tukaligeuza juu chini. Mkoloni alitaka kuwapa watoto wetu nyundo bila kalamu. Sisi tunawapa kalamu bila nyundo, kisha tunajiita watu huru.

Yako majibu ambayo nimezoea kuyasikia kila ninapolizungumza jambo hili. Nitayapokea moja moja.

Wa kwanza husema: "Karakana ni ya wale walioshindwa na masomo." Mtu huyu hakupata kupima unene wa bati kwa sehemu za milimita, wala kukata pembe tatu vyuma vikutane sawasawa, wala kufikiri kitu kitakuwaje kabla hakijawa. Ikiwa tunawapeleka karakanani wale tu tunaowadhania kuwa hawana akili, kisha tukalalamika kwamba kazi za mafundi wetu hazina ustadi, basi tumepanda mbigili na kulia kwa kukosa mahindi.

Wa pili husema: "Siku hizi ni mashine zifanyazo kazi, na kila kitu chaweza kununuliwa kutoka nje kwa bei rahisi." Ni kweli kwamba jembe la kutoka nje lilikuja kwa bei rahisi, na matanuri ya Samia yakazimika. Lakini mashine nayo ni chuma, huvunjika kama chuma, na hutengenezwa na mtu akijuaye chuma. Taifa lisilojua kutengeneza hata kilichovunjika hununua kitu kimoja mara mbili. Mkono mtupu haulambwi. Na mkono usiojua kazi ni mtupu hata ukivaa pete.

Wa tatu husema: "Tunao mafundi wa jua kali, wanatosha." Naam, tunao, na sifa zao ni haki yao. Katika Kamukunji na Gikomba huko Nairobi utawaona wakigeuza bati kuwa sanduku, na springi kuukuu ya gari kuwa jembe. Ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1972 iliikumbusha serikali kwamba watu hawa si wazururaji, bali ni nguzo ya uchumi. Tangu hapo wamesifiwa katika hotuba nyingi. Lakini sifa haziezeki banda. Waulize wangapi kati yao walifundishwa kwamba bati lililopakwa zinki likichomwa kwa moto wa kulehemu hutoa moshi unaomletea fundi homa na baridi usiku ule. Waulize wangapi waliambiwa, kabla ya kuungua, kwamba alumini iliyoyeyuka ikimiminwa katika kalibu yenye unyevu hulipuka, kwa kuwa maji hugeuka mvuke mara moja na mvuke hutafuta njia. Habari hizo ni za ukurasa mmoja wa kitabu. Kitabu kiko kwa mwanafunzi, na kalibu iko kwa fundi. Anayeungua ni fundi, na asiyejua kwamba ameungua ni mwanafunzi. Kuwasifu mafundi huku tukiwanyima elimu ni namna ya kuwacheka.

Wa nne husema: "Shule zetu hazina fedha za karakana." Jibu hili lina ukweli ndani yake, nami silidharau. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta masomo ya mikono katika shule nyingi. Wazazi wakachanga, baadhi ya karakana zikajengwa, nyingi zikakosa vifaa na walimu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yale yakapunguzwa. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulianza kuingia shuleni nchini kote, nao unasema tena kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Naupokea kwa furaha, lakini nauonya: mtaala ni karatasi, na karatasi haishiki moto. Hata hivyo, si kweli kwamba pasipo mashine kubwa hapana la kufanya. Tanuri dogo la makaa, kipepeo cha kuvukutia, kipande cha chuma kizito cha kufanya fuawe, kilichonunuliwa kwa haki wala si reli iliyoibwa, nyundo mbili, koleo, tupa, jiliwa moja, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na miwani ya kulinda macho: hivyo vyatosha kufungulia mlango. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliye tayari kuzungusha ufunguo.

Wa tano hasemi kwa sauti, lakini moyoni anafikiri kwamba msichana hana nafasi mbele ya moto. Kwa desturi za kale, katika jamii nyingi mwanamke alikatazwa kukaribia tanuri. Lakini chuma hakiulizi kama mkono ulioshika tupa ni wa nani. Huuliza tu kama umenyooka. Atakayemzuia binti yake karakanani leo kwa hoja ya desturi, na afikiri pia kama yu tayari kumzuia asishike kalamu, kwa maana hiyo nayo ilikuwa desturi.

Nimesema na wazazi, na walimu, na watunga sheria kwa kuwazungukia. Sasa nasema nawe, kijana msomaji, ana kwa ana.

Usingoje karakana ifunguliwe ndipo uanze. Chukua waya wa shaba nyekundu, uupinde na kuunyosha mara kadha wa kadha. Utahisi kwa vidole vyako kwamba unazidi kuwa mgumu, na mwisho utakatika. Chukua mwingine, uupinde mpaka uwe mgumu, uutie motoni mpaka uwe mwekundu, uuache upoe, kisha uupinde tena. Utakuta umekuwa laini kama mwanzo. Hapo utakuwa umelijua kwa mkono wako jambo lile la askari na gwaride lao: kupinda huwachafua wakazuiana, na moto huwapanga upya. Kisha nenda kwa fundi aliye karibu na kwenu, umwamkie kwa adabu, na umwombe akuonyeshe cheche za vyuma mbalimbali penye jiwe lake la umeme la kunolea. Chuma laini hutoa nyuzi ndefu za moto zenye matawi machache. Feleji yenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama maua. Vaa miwani, simama kando, utazame. Hilo ndilo jibu la swali lililonishinda mbele ya mjomba. Tulilipata baadaye sisi wawili pamoja, mimi nikieleza kwa nini, yeye akitambua ipi ni ipi.

Nawe ukishaonyeshwa, usiondoke bila kulipa. Mpe fundi huyo sababu ya yale anayoyajua. Mweleze habari za zinki, na za unyevu, na za kaboni. Huenda akacheka ujana wako, mvumilie. Ukimkuta anajua zaidi yako, shukuru. Kuuliza si ujinga. Ubadilishanaji huo hauhitaji kibali cha wizara wala kengele ya shule, na wakifanya hivyo vijana mia katika kila mji, ukuta ulio kati ya darasa na banda utaanguka kabla ya serikali kumaliza kuupima.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sikushauri uache kalamu. Wazee wetu waliteseka kwa ajili yake, na aitupaye huwatupa wao. Nakushauri uikatae kalamu inayojidai kuwa haina ndugu. Kalamu imechongwa kwa kisu, kisu kimefuliwa kwa nyundo, na nyundo imetiwa ugumu na mtu aliyejua kuisoma rangi ya moto. Atakayekuuliza wewe ni wa kichwa au ni wa mikono, mwonyeshe vyote viwili.

Mjomba wangu alikwisha fariki. Tindo lile ninalo mpaka leo, na kile kipande kilichoruka, nilichokichongoa kutoka katika nguzo, ninacho pia. Naviweka mezani, mahali ninapoandikia. Kimoja kinanikumbusha nilichofundishwa, na kingine kinanikumbusha nilichodhani kwamba nakijua.